Mwanga Unaotupwa Mlangoni: Mashine za Gemu za Zamani na Picha ya HDR

Mhadhara uliotolewa Rukoki, wilaya ya Kasese, mbele ya wenye vibanda vya gemu, mafundi wa TV na wanafunzi

Swali nililoletewa na wenye vibanda ni fupi. Mtu ana PlayStation 4 ya mwanzo kabisa, ya Novemba 2013. Amenunua TV mpya yenye herufi HDR kwenye boksi, yaani picha yenye tofauti kubwa kati ya mng'ao na giza. Je, mashine yake ya zamani itaweza kutoa picha hiyo, au aiuze atafute nyingine? Jibu nalo ni fupi: itaweza, tena tangu Septemba 2016, bila kulipia chochote zaidi ya bando la kupakua sasisho. Aliye na Xbox One ya kwanza, iliyotoka Novemba ile ile ya 2013, hakupewa na hatapewa.

Ningeweza kuketi hapo. Lakini katika vibanda vyetu, kutoka Kasese mjini hadi Bwera, kuna jambo jingine linalohitaji maelezo. Mwenye mashine anaipata HDR, anaitazama siku mbili, halafu anaizima na kurudi kwenye picha aliyoizoea. Wenzake humcheka kwamba hajui mambo ya kisasa. Mimi nasema mara nyingi anafanya vizuri, na ili mnielewe itabidi tuingie ndani ya mashine, tutoke nayo kupitia waya, tufike kwenye kioo cha TV, na mwisho tuutazame mlango wa kibanda chenyewe.

Tuanze na mwanga, maana wilaya hii ina darasa lake. Mchana wa jua kali simama kando ya Ziwa Katwe mbele ya rundo la chumvi safi. Mwanga unaorudi kutoka kwenye chumvi ile unakaribia niti 20,000. Niti ni kipimo cha ukali wa mwanga unaotoka kwenye uso wa kitu: kandela moja kwa kila mita moja ya mraba. Sasa panda hadi Kilembe, ingia hatua chache kwenye mdomo wa njia ya zamani ya mgodi, na utakuta ukuta wa mwamba ambao haufiki hata sehemu ya kumi ya niti moja. Jicho lako linavimudu vyote viwili, likipewa muda wa kuzoea. Hata kwa mtazamo mmoja, bila kusubiri, linapokea tofauti kubwa sana kati ya panapong'aa na palipo giza.

TV haikuwahi kuwa hivyo. Kanuni za picha tulizozitumia kwa miaka mingi ziliandikwa kwa ajili ya TV za kichogo, zile zenye bomba la kioo, na wataalamu walipokuwa wakisahihisha picha studioni, nyeupe kuliko zote ilikuwa takriban niti 100. Kanuni ya kimataifa iitwayo Rec. 709, iliyopitishwa 1990, ndiyo iliyotuongoza hadi enzi za TV bapa. Kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, ilipewa hatua 256 kutoka giza hadi mwanga kamili. Chumvi ya Katwe, mawingu ya Rwenzori, taa ya boda usoni usiku, shati jeupe la mchezaji: vyote vilibanwa chini ya paa lile lile la niti 100.

Hapa ndipo penye siri ambayo watu wengi hawaijui. Ndani ya mashine ya gemu, paa hilo lilivunjwa zamani. Mwaka 1997 mtafiti Paul Debevec na mwenzake walionyesha namna ya kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja ili kupata kumbukumbu ya mwanga halisi, giza na mng'ao kwa pamoja. Wahandisi wa gemu wakaichukua fikra hiyo. Mwaka 2005 kampuni ya Valve ilitoa kipande cha gemu kiitwacho Half-Life 2: Lost Coast, kilichotengenezwa makusudi kuonyesha hesabu hizo: jua likipiga maji, dirisha la kanisa likiwaka, na jicho la mchezaji likionekana kuzoea giza baada ya kutoka juani. Tangu enzi hizo za PlayStation 3 na Xbox 360, gemu nyingi zinakokotoa mwanga kwa namba zenye nafasi kubwa. Jua linapata namba yake kubwa, kivuli kinapata namba yake ndogo.

Kisha kunakuja hatua ya mwisho kabla picha haijatoka. Programu inachukua mwanga wote huo na kuubana hadi uingie katika zile hatua 256 na niti 100. Mwanga unaozidi unakatwa au unalainishwa. Kwa hiyo kijana aliyecheza gemu ya gari mwaka 2010 alikuwa na jua halisi ndani ya mashine yake, ila lilitupwa mlangoni kila picha, mara 30 au 60 kwa sekunde, kwa sababu nje hakukuwa na TV ya kulipokea wala lugha ya kulieleza.

Ndiyo maana nasema kuongeza HDR kwenye mashine ya zamani si kazi ya kuipa nguvu mpya. Ni kazi ya kuufungua mlango, na mlango huo ulihitaji vitu vitatu: kanuni ya namba, nafasi kwenye waya, na gemu zilizo tayari kutobana.

Kanuni ya namba ndiyo iliyochukua akili nyingi kuliko vyote. Watafiti wa kampuni ya Dolby walijiuliza: tukitaka kupanda kutoka giza totoro hadi niti 10,000, tuzigawe vipi hatua zetu ili jicho lisione ngazi kati ya hatua moja na nyingine? Jicho halihisi mwanga kwa usawa. Gizani linatambua tofauti ndogo sana; kwenye mng'ao mkali halijali hata tofauti kubwa. Basi wakachora mkunjo unaofuata tabia ya jicho, ukapitishwa mwaka 2014 kama kiwango cha chama cha wahandisi wa picha, SMPTE, chenye namba 2084, na mafundi huuita PQ. Kwa hatua 1,024 badala ya 256, mkunjo huu unatumia karibu nusu ya hatua zote kwa mwanga ulio chini ya niti 100. Robo nyingine inakwenda kati ya niti 100 na 1,000. Robo iliyobaki ndiyo inayobeba kila kitu hadi 10,000. Naomba mzikumbuke hesabu hizi, tutazihitaji tukifika mlangoni mwa kibanda.

Jambo la pili kuhusu PQ ni kwamba namba zake ni za mwanga halisi. Katika kanuni ya zamani, namba ya juu ilimaanisha tu "mwanga wote ulionao", iwe TV yako inatoa niti 100 au 400. Katika PQ, namba fulani inamaanisha niti 100 na si vinginevyo, popote duniani. Mwaka 2015 kanuni hii ikafungwa pamoja na rangi pana zaidi na hatua 1,024 katika kifurushi kilichoitwa HDR10, ambacho hakina malipo ya leseni, na ndicho zilichokichagua mashine za gemu.

Mtu mzima mwenzangu anaweza kuuliza: mbona rangi ilipokuja hatukupata shida hii ya TV za zamani kutoielewa picha mpya? UTV, televisheni ya Uganda, ilianza 1963 kwa picha nyeusi na nyeupe. Rangi ilipofika katika miaka ya 1970, TV ya zamani haikutupwa. Iliendelea kuonyesha picha yake nyeusi na nyeupe kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu alama za rangi zilipachikwa juu ya wimbi la zamani kwa namna ambayo TV isiyozielewa ilizipuuza. Zanzibar iliruka hatua hiyo, ikaanza moja kwa moja na rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri televisheni hadi miaka ya 1990. PQ haina huruma hiyo. Ukiipeleka kwenye TV isiyoielewa utaona picha iliyofifia, ya kijivu, kama nguo iliyokaa juani mwaka mzima. BBC ya Uingereza na NHK ya Japani waliliona tatizo hilo wakaunda kanuni nyingine, HLG, inayosomeka na TV za aina zote mbili, kwa sababu kituo cha televisheni kinarusha picha bila kujua nani anapokea kwa TV gani.

Mashine ya gemu iko katika hali tofauti. Inaweza kuuliza. Ukichomeka waya wa HDMI, TV huipa mashine orodha ndogo ya mambo inayoyaweza: ukubwa wa picha, sauti, aina za rangi, na kama inaelewa PQ. Ikijibu ndiyo, mashine inatuma. Ikijibu hapana, mashine inabana mwanga kama zamani. Mazungumzo hayo yanafanyika kabla hujashika pedi.

Sasa tufike kwenye tarehe. PlayStation 4 ilipotoka Novemba 2013, kanuni ya PQ ilikuwa bado haijapitishwa. Tundu lake la HDMI lilikuwa la kizazi cha 1.4, kilichotangulia mambo yote haya. Kizazi kilichoandikiwa HDR rasmi, HDMI 2.0a, kilikuja 2015. Ingeweza kudhaniwa kwamba mashine hizo zimeachwa nyuma. Tarehe 7 Septemba 2016, mjini New York, Sony ilizindua PlayStation 4 Pro, na katika mkutano huo huo Andrew House, mkuu wa kitengo chake cha PlayStation, akatangaza kwamba kila PlayStation 4 iliyokwisha kuuzwa itapata HDR kwa sasisho la programu. Wakati huo zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 40. Wiki haikuisha: tarehe 13 sasisho namba 4.00 likatoka.

Iliwezekanaje? Fanyeni hesabu pamoja nami. Waya wa HDMI 1.4 unabeba hadi biti bilioni 10.2 kwa sekunde. Picha ya 1080p, mara 60 kwa sekunde, kwa hatua 256, inatumia takriban bilioni 4.5. Ukipanda hadi hatua 1,024 unatumia takriban bilioni 5.6. Nafasi ilikuwepo tangu siku ya kwanza! Kilichokosekana kilikuwa ujumbe mdogo wa kuiambia TV kwamba namba zinazokuja ni za PQ, na ujumbe wa aina hiyo unaweza kuandikwa na programu ikiwa chipu ya kutolea picha inakubali kuelekezwa upya. Ya Sony ilikubali. Microsoft ilikuwa imeshatoa Xbox One S mwezi Agosti mwaka huo huo, nayo ina HDR. Ile ya 2013 ikabaki ilivyo. Mashine mbili za mwezi mmoja, zenye chipu za AMD za ukoo mmoja, zikatengana kwa sababu ya mlango wa kutokea.

Kichekesho ni kwamba mashine yenye nguvu zaidi ndiyo iliyobanwa na waya. Picha ya 4K mara 60 kwa sekunde, yenye rangi kamili kwa kila nukta, inatumia bilioni 17.8 kati ya 18 za HDMI 2.0 hata kabla hujaongeza hatua moja ya HDR. Hivyo PlayStation 4 Pro ikitaka vyote viwili inapunguza taarifa za rangi: inatuma mwanga wa kila nukta, lakini rangi inaituma mara moja kwa kundi la nukta jirani. Jicho halitambui kwa urahisi, isipokuwa kwenye maandishi madogo mekundu.



Mafundi, hapa ni penu. Nusu ya malalamiko ya "mashine haitoi HDR" yana chanzo kati ya mashine na TV. Kwanza, TV nyingi hufunga uwezo huo kwa kila tundu la HDMI hadi uingie kwenye mipangilio na kuliruhusu tundu hilo kupokea rangi pana. Kila kampuni inaupa mpangilio huo jina lake, na wateja hawafiki huko. Pili, vile visanduku vya kugawa picha, vinavyopeleka mashine moja kwenye TV mbili ili walio nje nao waone mechi, hukata yale mazungumzo niliyoyaeleza. Kisanduku hujibu kwa niaba ya TV, nacho hakijui PQ ni nini. Hata Sony wenyewe walijikwaa hapo: kisanduku kilichokuja na miwani ya PlayStation VR ya kwanza, mwaka 2016, hakikupitisha HDR, na mtu alilazimika kuchomoa waya kila alipotaka kubadili. Toleo la 2017 ndilo lililorekebisha. Kwa hiyo kabla hujafungua mashine kwa bisibisi, toa kila kitu kilicho katikati, chomeka waya mmoja moja kwa moja, ndipo uhukumu.

Kuna na wale wanaoweka mashine zao nje ya mtandao makusudi, sababu wanazijua wenyewe, na msisitizo wangu kwao ni mmoja: mashine ambayo haijawahi kufika namba 4.00 haitatoa HDR hata ukiinunulia TV ya mfalme.

Sasa gemu. Sasisho la mashine linafungua mlango, lakini gemu iliyotengenezwa kubana mwanga itaendelea kuubana. Siku ile ya Septemba 2016 gemu zilizokuwa tayari zilihesabika kwa vidole. Watengenezaji walitakiwa kurudi kwenye hatua ya mwisho ya picha na kuiandika upya, na kazi hiyo si ndogo. Chukua ubao wa magoli kwenye gemu ya mpira. Kwenye picha ya zamani ni mweupe kabisa, namba ya juu kuliko zote. Ukiipeleka namba hiyo kwenye PQ bila kufikiri, ubao utawaka kama taa ya lori linalokuja kwenye barabara ya Hima usiku. Ni lazima uamue kwamba weupe wa maandishi ni niti 200 hivi, na uache mng'ao wa 1,000 kwa jua, cheche na taa za uwanja.

Wakubwa nao walikosea. Red Dead Redemption 2 ilitoka Oktoba 2018 ikijitangaza kuwa na HDR, na wapimaji wakagundua kwamba ni picha ya zamani iliyovalishwa namba za PQ, bila mng'ao wowote mpya. Rockstar, kampuni iliyoitengeneza, ilileta marekebisho Mei 2019, mchezaji akapewa hali mbili za kuchagua. Miezi saba, kwa gemu ya kampuni tajiri! Ndipo mjue kwamba neno HDR kwenye kasha la gemu lisomwe kwa tahadhari ile ile ya kwenye boksi la TV.

Microsoft ilijaribu njia nyingine iliyonivutia zaidi. Xbox Series X na Series S zilipotoka Novemba 2020 zilikuwa na uwezo wa kuigeuza gemu ya zamani kuwa ya HDR bila mtengenezaji kugusa kitu. Programu iliyofunzwa kwa picha nyingi inatazama picha iliyobanwa na kukisia: hapa palikuwa jua, hapa palikuwa moto, hapa ni ukuta mweupe tu, usiung'arishe. Kabla ya uzinduzi walionyesha mfano kwa Fusion Frenzy, gemu ya 2001, iliyotengenezwa miaka mingi kabla herufi HDR hazijaandikwa kwenye TV yoyote. Ni ukisiaji, na mara nyingine unakosea. Wingu jeupe linaweza kuwaka kuliko inavyostahili. Lakini kwa gemu ambazo watengenezaji wake wameshafunga ofisi, hakuna njia nyingine ya kurudisha mwanga uliokwisha kutupwa. Msichanganye hilo na swali la mwenye PlayStation 2 au 3 aliyeuliza kama zitapata HDR: hazitapata. Hakuna sasisho litakalokuja, na TV ikikuonyesha "HDR" kwa PlayStation 3 yako, ujue TV yenyewe ndiyo inayokisia.

Haya, tumefika mlangoni mwa kibanda.

Kibanda chetu cha kawaida ni chumba cha mabati, mlango wazi kwa sababu ya joto, TV imeelekea mlangoni ili wapita njia waone mechi na washawishike kuingia. Saa nane mchana, tuseme mwanga unaofika kwenye kioo cha TV ni lux 500. Mahali pengi ni zaidi. Kioo kikirudisha asilimia tano tu ya mwanga huo, unapata takriban niti 8 zilizotandazwa juu ya picha nzima. Giza la kwenye gemu, hata liwe zuri namna gani, haliwezi kuwa giza kuliko niti 8. Rudini kwenye ule mkunjo wa PQ: zaidi ya robo ya hatua zote 1,024 ziko chini ya niti 8. Kwa hiyo robo ya kazi yote, ile iliyotengenezwa kwa makini ili uone kisu gizani au adui kwenye kivuli, imezama kabla mchezaji hajakaa.

Na kuna la pili. Katika picha ya zamani, mwenye kibanda hupandisha mwanga wa TV hadi mwisho, na weupe wa niti 100 unakuwa 300 au zaidi. Hashindani na jua, lakini anajitahidi. Akiwasha HDR, weupe wa kawaida unarudi mahali pake halali, niti 100 au 200, kwa kuwa namba za PQ ni za mwanga halisi, na TV ya bei nafuu haina akiba ya kuupandisha zaidi. Uwanja mzima unaonekana umeingia mawingu. Mteja anasema, "Boss, TV yako imechoka." Mwenye kibanda anaizima HDR, uwanja unang'aa, mambo yanaendelea. Amefanya uamuzi sahihi kwa chumba chake na kwa saa ile. Wahandisi walioandika kanuni hii walikuwa na chumba chenye mwanga hafifu akilini, sofa na mapazia mazito. Hawakuwa na Rukoki saa nane mchana.

Je, tufunge mlango? Nimesikia ushauri huo ukitolewa kirahisi na watu wasioishi chini ya mabati. Ukifunga mlango Kasese utahitaji feni mbili, na feni zinakula umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, na vijana thelathini ndani ya chumba kilichofungwa ni jambo la afya kabla halijawa la picha. Ushauri wangu ni wa bei ndogo zaidi. Igeuze TV isiutazame mlango. Iweke ukuta ule ule wenye mlango, ili mwanga uingie kwa nyuma yake. Ukuta unaoielekea usipakwe rangi nyeupe. Tundika pazia jeusi nusu ya mlango upande wa juu, hewa ipite chini. Mchana cheza picha ya zamani bila aibu, na jua likizama nyuma ya milima, washa HDR. Wanaocheza gemu za hadithi na za vita usiku wataiona tofauti. Wa mpira hawataijali sana, na mpira ndio unaolipa kodi ya chumba, kwa hiyo msininukuu vibaya kwamba nimewaambia kila mtu akanunue TV mpya.

Kwa atakayenunua, maneno machache kuhusu boksi. Herufi HDR kwenye boksi mara nyingi zinamaanisha kwamba TV inaelewa namba za PQ ikitumiwa. Hazisemi kwamba inaweza kutoa mwanga huo. TV inayotoa niti 250 itapokea jua la niti 1,000 na kulibana upya, yaani kazi ile ile ya kutupa mwanga imehama kutoka kwenye mashine hadi kwenye TV. Mwaka 2016 muungano wa makampuni uitwao UHD Alliance ulitoa alama yake yenye masharti mawili mbadala: mng'ao wa niti 1,000 pamoja na weusi usiozidi 0.05, au mng'ao wa niti 540 pamoja na weusi usiozidi 0.0005. Sharti la pili liliwekwa kwa ajili ya TV za OLED, ambazo kila nukta hujizima yenyewe. Namba hizo zinakupa picha ya kile ambacho wataalamu walikiona kuwa HDR ya kweli. Ila OLED siipendekezi kwa kibanda cha mpira: ubao wa magoli ukikaa kona ile ile kutwa nzima, mwezi baada ya mwezi, unaweza kuacha kivuli chake kwenye kioo hata mechi ikiisha. Tafuta TV yenye taa za nyuma zinazozimika kwa mafungu, na uulize yako mangapi.

Mnaonunua TV zilizotumika, mpakani Mpondwe au mjini, msikubali kuonyeshwa video ya maua na samaki iliyohifadhiwa ndani ya TV. Nenda na mashine yako na waya wako. Ukiwa na PlayStation 5, fungua sehemu ya kurekebisha HDR: itakuletea alama ya jua na kukuomba uongeze mwanga hadi alama karibu ipotee. Kwenye TV dhaifu inapotea mapema sana, baada ya kubonyeza mara chache tu, na hapo umeijua dari yake bila kipimo chochote. Xbox Series inayo pia sehemu kama hiyo. Ukiwa na PlayStation 4, weka gemu yenye jua na pango katika tukio moja, washa HDR, zima HDR, rudia, huku kiganja chako kikizuia mwanga wa dirisha usipige kioo. Tazama mawingu yaliyo karibu na jua: kwenye TV nzuri yana umbo, kwenye TV mbaya ni doa jeupe. Halafu tazama ukuta wa pango. Muuzaji akikwambia umeme hautoshi kuwasha vitu viwili kwa pamoja, mwambie utarudi jioni, kisha uende duka la pili.